Dhiki ya Fedha ya Mwaka wa 1929 na Nchi Nne za Afrika ya Mashariki

1. Jiwe lililoanguka mbali

Mtu akitupa jiwe ziwani, mawimbi hayakomi pale lilipoangukia. Huenda mbele, duara kwa duara, hata yafike pwani ya pili na kutikisa ngalawa ya mvuvi asiyemjua kabisa aliyelitupa. Ndivyo ilivyokuwa katika mwaka wa 1929. Jiwe liliangukia New York, mji mkubwa wa biashara wa Marekani. Na ngalawa zilizotikiswa zilikuwa mashamba ya pamba ya Buganda, mashamba ya mkonge ya Tanga, mahindi ya Trans Nzoia na mikarafuu ya Pemba.

Yatupasa kwanza kujua jiwe lenyewe lilikuwa nini. Makampuni makubwa hugawanya mali yao katika sehemu ndogo ndogo ziitwazo hisa, na mtu aweza kununua hisa, akapata fungu lake katika faida. Katika miaka ile Wamarekani wengi walinunua hisa kwa fedha ya kukopa, wakitumaini kwamba bei itapanda siku zote. Mwisho wa mwezi wa Oktoba 1929 bei ilianguka ghafula. Waliokopa hawakuweza kulipa. Mabenki yaliyowakopesha yaliishiwa. Na watu waliokuwa wameweka akiba zao katika mabenki hayo wakazipoteza. Kati ya 1930 na 1933 mabenki yapata 9,000 yalifunga milango yake katika Marekani, na kufikia 1933 katika kila wafanya kazi wanne wa nchi ile mmoja hakuwa na kazi.

Kisha mataifa yakaongeza madhara kwa mikono yao wenyewe. Mwezi wa Juni 1930 Marekani ilipandisha ushuru wa vitu vitokavyo nchi za kigeni. Nyingine zikalipiza kwa kufanya vivyo hivyo, na biashara ya dunia ikazidi kudhoofika. Mwezi wa Septemba 1931 Uingereza ilishindwa kuendelea kubadilisha pauni yake kwa dhahabu. Shilingi ya Afrika ya Mashariki, ambayo ilifungamanishwa na pauni, shilingi 20 kwa pauni moja, ikashuka pamoja nayo.

2. Jinsi dhiki ilivyofika kwetu

Labda mwanafunzi atauliza: Mkulima wa Usambara au wa Busoga, asiye na hisa wala benki, alihusikaje na mambo ya New York? Jibu ni hili. Katani itokayo katika mkonge ilisokotwa kuwa kamba, na nyingi ya kamba hizo zilitumiwa na wakulima wa Marekani na wa nchi nyingine katika mashine za kufungia miganda ya ngano. Mkulima wa Marekani alipokosa fedha hakununua kamba. Msokota kamba alipokosa wateja hakununua katani. Na mwenye shamba la mkonge alipokosa mnunuzi aliwafukuza vibarua au aliwapunguzia mshahara. Basi kibarua yule akarudi kwao mikono mitupu. Pamba ya Uganda nayo ilinunuliwa zaidi na viwanda vya Bombay, na karafuu za Unguja zilipelekwa Bara Hindi na Java. Na huko kote fedha ilikuwa imepungua.

Lakini kodi ya Serikali haikupungua kwa kadiri bei zilivyopungua. Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Tuseme mtu adaiwa kodi ya shilingi 12 kwa mwaka, na pamba yake yanunuliwa kwa senti 20 kila ratli. Akiuza ratli 60 amemaliza kodi yake. Bei ikishuka hata senti 10, itampasa kuuza ratli 120 kwa kodi ile ile. Hajapata nguo mpya, wala chumvi, wala ada ya shule ya mtoto. Amelima mara mbili ili abaki pale pale alipokuwa. Hesabu hii ndogo ndiyo habari kubwa ya miaka ile katika Afrika ya Mashariki. Yeyote aielewaye ataelewa yote yafuatayo.

Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja zote zilitawaliwa na Waingereza. Tatu za kwanza zilikuwa na fedha moja na forodha moja. Hata hivyo hazikuipita dhiki kwa njia moja, kwa kuwa ardhi na mazao yao hayakuwa katika mikono ya namna moja. Na tuzitazame moja moja.

3. Kenya

Katika Kenya mali nyingi zilizouzwa ng'ambo zilitoka katika mashamba ya Wazungu katika nchi za juu: kahawa, mahindi, ngano, mkonge na chai. Wengi wa masetla hao walikuwa wamenunua ardhi, majembe ya kukokotwa na ng'ombe kwa mikopo ya benki. Bei zilipokuwa nzuri mikopo ilionekana kuwa baraka. Bei za mahindi na kahawa zilipoanguka, deni lilibaki na ukubwa wake ule ule, maana deni halishuki pamoja na bei ya mahindi. Tena makundi ya nzige yalikuwa yamekwisha kuingia nchini tangu 1928, yakala mimea ya Mzungu na ya Mwafrika bila kubagua.

Serikali ya Nairobi ilifanya nini? Iliwasaidia masetla. Mwaka wa 1930 ilitoa sheria ya kuwakopesha fedha wenye mashamba. Mwaka wa 1931 Benki ya Ardhi ilianza kazi, ikiwakopesha wale wenye hati za mashamba. Ngano na mazao mengine ya masetla yalilindwa kwa ushuru mkubwa uliotozwa vitu kama hivyo kutoka nje. Na kwa kuwa forodha ilikuwa moja, mnunuzi wa Uganda na wa Tanganyika naye aliweza kulipa zaidi ili mkulima wa Kenya apate nafuu. Watu wa Tanganyika walilalamika juu ya jambo hilo.

Mwafrika wa Kenya hakuwa na hati ya shamba ya kuweka rehani, kwa hiyo Benki ya Ardhi haikumkopesha. Mishahara ya vibarua ilishuka, na maelfu walipoteza kazi, lakini kodi iliendelea kudaiwa. Bwana mmoja wa Uingereza, Lord Moyne, alitumwa kuchunguza hesabu za Kenya, na taarifa yake ya 1932 ilionyesha kwamba Waafrika walilipa katika kodi sehemu kubwa kuliko faida waliyorudishiwa.

Mwaka wa 1931 dhahabu ilivumbuliwa karibu na Kakamega, na Wazungu wengi waliofilisika mashambani walikimbilia huko. Ardhi ile ilikuwa ya wenyeji, na sheria ya 1930 ilikuwa imeahidi kwamba kipande cha ardhi ya wenyeji kikitwaliwa, watapewa kipande kingine badala yake. Mwaka wa 1932 sheria ilibadilishwa, ili ardhi iweze kutwaliwa kwa machimbo bila kutoa nyingine. Basi ahadi iliyotolewa wakati wa shibe ilivunjwa wakati wa njaa.

Hata hivyo Waafrika wa Kenya hawakukaa wakilia. Katika nchi ya Wakikuyu walipanda miwati na kuuza magamba yake kwa kutengenezea ngozi. Katika Nyanza pamba iliongezeka. Na katika Kisii na Meru, baada ya miaka mingi ya kukatazwa, wachache waliruhusiwa kujaribu kulima kahawa.

4. Uganda

Uganda ilikuwa na habari nyingine. Mbegu za pamba ziligawiwa huko katika mwaka wa 1903 na 1904 na Kampuni ya Uganda, iliyoundwa na marafiki wa misioni ya CMS. Tangu hapo pamba ikawa mali ya wakulima wadogo. Kila mtu alikuwa na kishamba chake, pamba upande mmoja, na upande wa pili migomba au viazi vitamu au wimbi.

Bei ya pamba ilipoanguka, mkulima wa Uganda aliumia sana mfukoni, lakini si tumboni. Hakuwa na deni kubwa la benki. Chakula chake kilikuwa nyuma ya nyumba. Na vibarua aliowategemea zaidi walikuwa mikono yake, ya mkewe na ya watoto wake. Badala ya kuacha pamba alipanda zaidi, kwa sababu ile ile tuliyoiona katika hesabu yetu. Kufikia mwaka wa 1938 mavuno ya pamba ya Uganda yalikuwa karibu mara mbili ya yale ya 1929.

Jambo jingine lilisaidia. Katika Buganda sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa ya wakuu na watu wakubwa, na wakulima walikaa humo kwa kulipa kodi ya ardhi, iitwayo busuulu, na sehemu ya mazao, iitwayo envujjo. Wenye ardhi walipotaka kuongeza madai yao, Serikali ilitoa sheria ya 1928 iliyoweka mpaka wa kile wawezacho kudai, na kumkinga mkulima asifukuzwe ovyo. Sheria hiyo ilitangulia dhiki kwa mwaka mmoja tu. Laiti ingalichelewa, huenda mwenye ardhi angalimsukumia mkulima hasara yake yote.

Mwaka wa 1931 reli ilifika Kampala, na pamba ikapata njia ya moja kwa moja hata Mombasa. Lakini tusifikiri kwamba Uganda ilikuwa peponi. Wenye vinu vya kuchambulia pamba walipatana kununua kwa bei moja, wasishindane. Na mwaka wa 1933 Serikali iliigawa nchi katika mitaa, pamba ya mtaa isivuke kwenda kuuzwa mtaa mwingine. Vinu vikaokoka, na mkulima akakosa nafasi ya kutafuta mnunuzi bora. Alikuwa na ardhi, lakini hakuwa na kinu. Na asiye na kinu hupokea bei atakayoambiwa.

5. Tanganyika

Tanganyika, ambayo leo ni Tanzania bara, ilikuwa chini ya ulinzi wa Shirikisho la Mataifa, na Waingereza waliitawala kwa niaba yake. Katika uchumi ilikuwa nusu kama Kenya na nusu kama Uganda. Tanga na Morogoro kulikuwa na mashamba makubwa ya mkonge ya Wazungu na Wahindi; Kilimanjaro, Bukoba na Usukuma kulikuwa na wakulima Waafrika wa kahawa na pamba.

Bei ya katani ilianguka kupita nusu. Wenye mashamba walikata mishahara na kupunguza watu, wakawataka waliobaki wafanye kazi zaidi. Na ajabu ni kwamba katani iliyotoka nchini iliongezeka katika miaka iliyofuata. Mapato ya Serikali yalipungua hata mwaka wa 1932 Sir Sydney Armitage-Smith alitumwa kutoka London kukagua hesabu na kupendekeza matumizi ya kukatwa. Wakati huo huo maofisa walizunguka wilayani wakiwahimiza watu kulima mazao zaidi ya kuuza. Mtu asiyeweza kulipa kodi aliweza kutakiwa kuilipa kwa kazi, barabarani na penginepo. Nzige walizidisha taabu, na mahali pengine njaa iliingia.

Dhahabu iliwaokoa wengine. Fedha za mataifa ziliposhuka thamani, dhahabu ilipanda. Marekani, iliyokuwa ikiinunua wakia moja kwa dola 20 na senti 67, iliinunua kwa dola 35 tangu mwaka wa 1934. Hivyo machimbo ya Lupa, katika nchi ya Chunya, yalijaa wachimbaji, na maelfu ya vibarua walikwenda huko.

Lakini jambo la Tanganyika lifaalo kukumbukwa zaidi lilitendeka katika Kilimanjaro. Kahawa ililetwa huko na mapadre wa misioni ya Kilema, na Wachagga wakaipanda katika vihamba vyao chini ya migomba. Mwaka wa 1925 walianzisha chama chao cha wapandaji, na Joseph Merinyo alikuwa mmoja wa viongozi wake. Dhiki ilipokuja chama kile kilipatwa na matatizo ya fedha na ya uongozi. Serikali ilitoa sheria ya vyama vya ushirika katika 1932, na mwaka wa 1933 chama kipya kilichukua mahali pa kile cha zamani, kikaitwa KNCU. Mkulima mmoja mwenye magunia mawili ya kahawa hawezi kubishana na mnunuzi. Wakulima wengi wakikusanya magunia yao ghalani pamoja, mnunuzi huwafuata.

Hata hapo hapakukosa ugomvi. Wakulima walilazimishwa kuuza kahawa yote kwa chama, na bei ilipokuwa mbaya katika 1937 palitokea ghasia, watu wakivamia maghala. Twajifunza kwamba ushirika ni mzuri, lakini watu hupenda kuingia kwa mlango wao wenyewe, si kusukumwa.

6. Unguja na Pemba

Visiwa hivi vilitoa sehemu kubwa sana ya karafuu zote za dunia, tena vilitegemea karafuu karibu peke yake. Bei ilipoanguka, wenye mashamba, Waarabu na Waswahili, walikuwa wamekwisha kuweka mikarafuu yao rehani kwa wakopeshaji, wengi wao Wahindi. Mwaka wa 1934 Serikali ilitoa sheria za kuzuia mashamba yasichukuliwe na wadai, na za kutia biashara ya karafuu mikononi mwa chama cha wakulima wa karafuu. Wafanya biashara wa Kihindi waliona wamedhulumiwa, na mwaka wa 1937 watu wa Bara Hindi wakaanza kugoma kununua karafuu za Unguja. Kwa kuwa Bara Hindi ilikuwa mteja mkubwa, visiwa viliumia, hata mapatano yakafanywa katika 1938. Nchi yenye zao moja na wateja wachache ni kama nyumba yenye nguzo moja.

7. Tulinganishe

Sasa tuziweke nchi hizi mbele yetu na kuuliza maswali matatu.

Kwanza, nani alikuwa na deni? Setla wa Kenya na mwenye mikarafuu wa Unguja walikuwa na madeni, nao ndio waliokaribia kupoteza mashamba. Mkulima wa Uganda na wa Kilimanjaro aliyelima bila deni kubwa alipinda kama mwanzi katika upepo, asivunjike.

Pili, chakula kilitoka wapi? Penye migomba na viazi kando ya pamba na kahawa, bei mbaya ilileta umaskini. Palipotegemewa mshahara peke yake, bei mbaya ilileta njaa. Wahenga walisema: Mtegemea cha nduguye hufa hali maskini.

Tatu, nani alikuwa na sauti? Hili ndilo swali zito kuliko yote. Masetla wa Kenya walikuwa na wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria; mwito wao ulisikiwa, wakapewa mikopo. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia katika Baraza la Kenya mwaka wa 1944. Katika Uganda na Tanganyika Waafrika wa kwanza waliingia mwaka wa 1945. Basi katika miaka yote ya dhiki kodi ya Mwafrika iliamuliwa mahali ambapo yeye hakuwapo. Mzigo ukigawanywa, asiyekuwapo hupewa mkubwa.

Dhiki kama ile haikuwa ya mwisho. Mwezi wa Septemba 2008 benki kubwa ya New York, Lehman Brothers, ilianguka kwa sababu ya mikopo mibaya, na wimbi likazunguka dunia tena. Bei ya vitu hupanda na kushuka, wala mtoto wa shule hawezi kuizuia. Lakini nchi yaweza kuchagua mambo kadha wa kadha kabla ya dhuruba kufika. Yaweza kulima mazao ya namna nyingi, chakula kikiwa cha kwanza. Yaweza kukopa kwa kiasi. Wakulima wake waweza kuungana kwa hiari, wawe na ghala na kinu chao. Na watu wake wote waweza kuwa na mjumbe barazani. Yusufu katika Misri aliweka nafaka ghalani katika miaka saba ya neema, kwa kuwa Mungu alimwonyesha miaka ya njaa. Sisi hatukuonyeshwa katika ndoto, lakini tumeandikiwa habari za wazee wetu, nazo zatosha kutuonya. Akiba haiozi.

Maswali

1. Eleza, hatua kwa hatua, jinsi kuanguka kwa biashara Marekani kulivyomfikia kibarua wa mkonge wa Tanga.
2. Kodi ni shilingi 12. Mtu atauza ratli ngapi za pamba ikiwa bei ni senti 15 kila ratli? Na ikiwa ni senti 8?
3. Kwa nini Benki ya Ardhi ya Kenya haikumsaidia mkulima Mwafrika?
4. Sheria ya 1928 ilimkingaje mkulima wa Buganda? Nini hakikumkinga katika kuuza pamba yake?
5. Taja faida moja na shida moja ya ushirika wa kahawa wa Kilimanjaro.
6. Waulize wazee wa kwenu: zao gani huuzwa zaidi katika wilaya yenu, na bei yake ikianguka watu watakula nini? Andika majibu yao kwa maneno yako mwenyewe.